Mashine ya Kubana Pumzi

Gereon Lürken alisikia siri yake ikitajwa hadharani Jumapili asubuhi, kwenye ngazi za kanisa, na aliyeitaja alikuwa anavaa glavu zake polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nasikia siku hizi mnabana kwanza, ndipo mnawasha," alisema Bwana Terhoeven. "Wazo zuri hilo. La hatari, lakini zuri. Msalimie mama nyumbani."

Akagusa ukingo wa kofia, akaenda zake. Gereon alibaki pale pale huku waumini wakimpita kushoto na kulia. Kengele za mji mzima wa Köln zilikuwa zinalia, naye hakusikia hata moja.

Terhoeven alikuwa na kiwanda ng'ambo ya Mto Rhine, chenye mabomba marefu ya moshi na wahandisi wa kola nyeupe. Gereon alikuwa na karakana moja nyuma ya nyumba yake, ukuta kwa ukuta na baa ya Drickes. Lakini wote wawili walikuwa wanawinda kitu kimoja: mashine inayokwenda kwa gesi ya makaa, ile ile ya taa za mtaani, isiyo na tanuri wala boila, ambayo hata mchapaji mdogo angeweza kuiweka stoo kwake. Mashine za gesi zilikuwepo tayari, ila zilikuwa hasara tupu. Zilivuta gesi na hewa zikawasha papo hapo, zikala gesi nyingi na kutoa nguvu ya punda mgonjwa. Ya Gereon ilifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelikataa. Ilivuta, halafu pistoni ikarudi ikaubana ule mchanganyiko kwa nguvu, na hapo ndipo ikawasha. Siri yote ilikuwa hapo kwenye kubana. Ombi la hati ya uvumbuzi alikuwa bado hajalipeleka, kwa sababu mashine ilikuwa bado inazimika inapojisikia. Kama Terhoeven angewahi kupeleka lake, basi Gereon angekuwa amemtumikia tajiri bure.

Na waliojua kwamba mashine inabana walikuwa wawili tu. Mmoja ni Gereon mwenyewe. Wa pili ni Kunibert Esser, kaka wa Billa, mke wa Gereon.

Niseme mapema kwamba Gereon hakuhitaji sababu kubwa ili amshuku mtu. Angeweza kumshuku paka kwa kukaa dirishani muda mrefu. Lakini safari hii sababu alipewa mkononi, na ikamuuma kuliko zote, kwa maana Kunibert alikuwa mtu pekee katika mji ule aliyewahi kumwamini. Kunibert ndiye aliyemleta Billa karakanani siku ya kwanza, akamwambia, "Dada, huyu bwana ni kichaa, lakini ni kichaa mwenye bidii." Kunibert ndiye aliyechonga kile kipande cha chuma kinachopeleka moto ndani ya silinda, akakipiga tupa na kukipiga tena mpaka kikateleza kama siagi. Kama Kunibert ameuza, basi nyumba ya Gereon ilikuwa imeoza kutoka ndani.

Jumatatu Kunibert aliingia kazini anapiga mluzi.

"Vipi shemeji, mbona uso umeukunja hivyo? Umemeza msumari?"

"Nimelala vibaya."

"Dada yangu anakoroma, najua. Ningekuambia mapema, lakini ungeghairi kuoa."

Siku nyingine Gereon angetabasamu. Siku ile alimtazama shemeji yake mikononi, mifukoni, viatuni, akitafuta hata asichokijua. Kunibert alikuwa na viatu vipya. Gereon akaviweka moyoni.

Karakana yenyewe ilikuwa imefungwa kama hazina ya askofu. Madirisha yote Gereon aliyapigilia mbao. Taa za gesi alizing'oa, za karakana na za nyumbani pia. Gesi yote ya bomba iende kwenye mashine, na watu waone kwa taa za mafuta. Moshi wa mashine aliupitisha chini ya ua, kwenye shimo la kokoto, ili limeze kelele. Mlango aliuwekea kufuli mbili, na mlango wa nyumba akauwekea komeo la chuma nene. Alijisifu kwamba hakuna jicho wala sikio lingepenya mle.

Mchana, wakisubiri silinda ipoe, Kunibert alifuta mikono kwa tambara akasema, "Shemeji, hii mashine inavuta kwa pupa. Tuweke mfuko wa mpira hapa katikati. Bomba liujaze taratibu, mashine inyonye humo. Itapumua vizuri. Halafu Drickes alikuwa ananiambia kwamba…"

"Drickes?" Gereon aliweka nyundo chini. "Drickes anaijuaje mashine yangu?"

"Haijui. Alikuwa anasema tu…"

"Na huo mfuko tutanunua wapi? Kwa muuza mpira, siyo? Aulize ni wa nini. Aambiwe. Kesho mji mzima uwe unaimba."

Kunibert alicheka. "Tutamwambia ni wa maji ya moto, wa kumkandia mama mgongo."

"Hakuna mfuko," alisema Gereon.

Jioni ile waliiwasha. Gurudumu zito likazunguka, kwanza kwa uvivu, halafu kwa raha kabisa, na Kunibert akaanza kucheza dansi peke yake kati ya mabenchi. Kisha mashine ikasita. Ikaenda tena. Ikafa. Kunibert akajipiga paji la uso, akatukana kwa upole, akanawa, akavaa koti na kwenda kwa Drickes kupata bia yake na mkate wa jibini, kama jioni zote.

Gereon alimfuata mpaka kona. Mlangoni kwa Drickes lilikuwa limesimama gari la farasi ambalo kila mtu alilijua, jeusi, lenye mistari ya dhahabu. La Terhoeven. Kunibert alilipita bila kugeuza shingo, akaingia ndani. Gereon hakuingia. Alikuwa hajakanyaga baa ile tangu mwaka ambao mashine yake ya kwanza ilipasuka, Drickes akamwita Mtakatifu Baruti mbele ya wateja wote. Alisimama kwenye manyunyu mpaka kola ikalowa, akaona alichotaka kukiona: mlango mmoja umemeza watu wawili.

Kesho yake sokoni, kando ya mapipa ya kabichi, Terhoeven alimkuta tena.

"Pole kwa ya jana, bwana Lürken. Ilikuwa inakwenda vizuri kweli. Ikasita, ikaenda tena, halafu basi."

Gereon alirudi nyumbani bila kabichi.

Billa alikuwa amepika viazi vya kuponda na tufaha, na juu yake soseji ya damu, chakula anachokipenda kaka yake, kwa kuwa sherehe ya parokia ilikuwa imeanza na nyumba zote za mtaa zilikuwa zinakula vizuri wiki ile. Nje watoto walikuwa wanaimba. Mbele ya baa walikuwa wameshamtundika Zakayo, yule mtu wa majani makavu mwenye suruali kuukuu, ambaye hukaa juu ya mti wake wiki nzima akibebeshwa makosa ya kila mtu, na siku ya mwisho huchomwa moto.

"Viatu vizuri hivyo," alisema Gereon, kabla mtu hajashika kijiko. "Nani kakununulia?"

Kunibert aliangalia viatu, akamwangalia shemeji yake. "Miguu yangu. Imechoka kuingia maji."

"Terhoeven analipa vizuri?"

Billa aliweka sufuria chini. "Gereon, unasema nini?"

"Namuuliza kaka yako. Watu wawili tunajua ile mashine inabana. Terhoeven anajua inabana. Jana imesita, ikaenda, ikafa. Leo asubuhi Terhoeven ananisimulia sokoni kama vile alikuwa amekaa juu ya gurudumu. Na jana jioni walikuwa baa moja, yeye na huyu. Mimi sikuambiwa. Nimeona kwa macho yangu."

Kunibert aligeuka mwekundu, kisha akawa mweupe. Wale waliomzoea kwa utani wake wangeshangaa jinsi sauti yake ilivyoshuka.

"Ungeniuliza, ningekujibu," alisema. "Hukuuliza. Umekuja na hukumu mkononi kama mtu aliyekuja na mkate."

"Basi jibu sasa."

"Sasa sijibu."

"Asiyejibu ana la kuficha."

"Au amechoka, shemeji. Miaka yote hii nimechomwa mikono na mashine yako. Hata harusi ya rafiki yangu sikwenda, kwa sababu uliniambia nitalewa na kuropoka. Nikakaa nyumbani kama mtawa. Leo unaniuliza viatu."

"Acha funguo mezani," alisema Gereon.

Kunibert aliziacha, akambusu dada yake kichwani, akatoka. Soseji haikuguswa.

Billa hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Alianza kutoa sahani moja moja, na alipofika kwa mumewe akasimama.

"Jumamosi wanamchoma Zakayo," alisema. "Nenda kawaombe wakuchomee na ndugu yangu juu yake."

Siku zilizofuata Gereon alifanya kazi peke yake, na kazi ya watu wawili ikifanywa na mmoja huwa si kazi, ni ugomvi. Lakini alirekebisha kile kipande cha kuwashia, na Ijumaa mashine ikakubali kwenda bila kuzimika. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alikaa akiitazama na kufikiri jambo moja: Terhoeven atajua na hili? Na kama atajua, atajua kwa nani, wakati Kunibert hayupo? Swali hilo lingemfikisha mbali kama angelifuata. Lakini shaka ikishazoea njia moja hairudi nyuma. Akajijibu kwamba bila shaka Kunibert amesimama ukutani mahali fulani, anasikiliza, anakwenda kusema.

Akatunga hila. Jumamosi jioni angeiwasha mashine na kuiacha ikienda, ili kila mtu adhani yumo ndani, naye atoke kwa mlango wa ua, aingie kwa Drickes na kuwakamata Kunibert na Terhoeven meza moja.

"Utaitia mafuta hapa na hapa," alimwambia Billa. "Usifunge gesi mpaka nirudi."

"Unakwenda kumwinda kaka yangu, na mimi ndiye nikushikie mbwa?"

"Kama hana hatia, nitamrudisha mimi mwenyewe. Kwa magoti."

Billa alichukua kopo la mafuta. "Nakushika kwa hilo neno," alisema.

Baa ilikuwa imejaa pomoni. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya paa za jirani, na taa kubwa ya gesi ilikuwa inawaka juu ya meza ndefu. Gereon alijibana pembeni karibu na mapipa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Terhoeven alikuwepo, amekaa chini ya taa na glasi yake ndogo ya bia. Alikuwa peke yake, na Kunibert hakuonekana popote.

Mara taa ikafifia kidogo, ikarudi.

"Nani anakonyeza taa?" alipaza sauti mlevi mmoja.

"Zakayo!" baa nzima ikaitikia, na glasi zikagongana.

Ikafifia tena. "Nani?" "Zakayo!" Walikuwa wameshauzoea mchezo huo, ungedhani ni sehemu ya sherehe. Gereon alitaka kuwadharau, lakini macho yake yalikuwa yamemfuata Terhoeven, na Terhoeven hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama taa. Kisha anashusha macho kwenye glasi yake. Kisha taa. Kisha glasi.

Gereon naye akatazama glasi iliyokuwa karibu naye.

Taa ikafifia. Ikarudi. Kimya kidogo. Halafu sakafu ikatetema chini ya viatu vyake, na uso wa bia ukafanya viduara. Taa ikafifia. Ikarudi. Kimya. Viduara.

Kila mashine ilipovuta pumzi ndani ilinyonya bomba la mtaa, na taa ya jirani ikakosa gesi. Kila ilipolipuka ilitikisa msingi ambao nyumba hizi mbili ziliuchangia. Na katikati ya kunyonya na kulipuka palikuwa na kile kimya. Mashine za watu wengine hazikuwa na kimya. Mhandisi yeyote mwenye macho, akikaa hapa na bia moja, angejua kwamba ndani ya ukuta ule kuna kitu kinavuta, kinabana, ndipo kinawasha. Angejua lini inakwenda, lini inasita, lini imekufa. Gereon alipigilia mbao madirisha yote, halafu kila jioni akawa anatangaza siri yake kwa taa ya baa.

Mfuko wa mpira. Tuweke mfuko wa mpira, bomba liujaze taratibu. Halafu Drickes alikuwa ananiambia kwamba…

"Heee! Mtakatifu Baruti!" Drickes alikuwa amesimama mbele yake na sinia la bia. "Leo umeshuka kutoka mbinguni? Ndiyo wewe unayeniharibia taa? Nilimwambia shemeji yako tangu kiangazi, akaniahidi atakueleza. Au kwenu hamsemezani?"

"Shemeji yangu yuko wapi?"

Terhoeven ndiye aliyejibu, kutoka mezani kwake, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na dhihaka.

"Yuko nje, anaangalia moto. Wiki zote hizi nimemsalimia, hakuwahi kuitika hata siku moja. Jana akaja mwenyewe kuomba kazi. Kasema hana siri ya kuuza, ana mikono tu. Nikampa mkono, tukakubaliana."

Gereon alitoka mbio, akapiga watu vikumbo. Uwanja mdogo mbele ya baa ulikuwa umefurika. Walikuwa wamemshusha Zakayo kutoka kwenye mti wake na kumlaza juu ya kuni, na mtu aliyejifanya hakimu alikuwa anasoma mashitaka kwa sauti ya puani. Kunibert alikuwa amesimama nyuma ya wote, glasi mkononi, mikono ya koti ikiwa safi kupita kawaida.

"Kubi," alisema Gereon, akimwita kwa jina la nyumbani. Hakuwa na pumzi. "Ni taa. Taa ya Drickes. Ulitaka kuniambia, nikakukatiza. Hukuwa wewe. Nimekukosea, Kubi. Nimekukosea vibaya sana. Rudi nyumbani."

Na kweli alianza kupiga magoti, pale pale kwenye mawe yenye matope, mpaka Kunibert akamdaka kwapani.

"Simama, bwana. Watu watadhani unanichumbia."

Walitazamana. Macho ya Kunibert yalikuwa yanalengalenga machozi, na Gereon alihisi furaha inampanda kifuani, furaha ya mtu aliyekuta nyumba yake haijaungua.

"Nimempa yule bwana mkono," alisema Kunibert, "na mkono ni mkono. Lakini nikimwambia ya nyumbani yametengemaa, ataniachia. Si mtu mbaya. Ngoja nimalize bia hii, twende wote tukamwambie Billa."

"Twende," alisema Gereon. "Twende, ndugu yangu." Na kabla hajajua kwamba mdomo wake bado umefunguka, akasikia mwenyewe anauliza, "Kile kipande cha kuwashia hujamweleza, lakini? Hujamchorea?"

Kunibert alishusha mkono wake kutoka kwapani kwa Gereon, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha mwenzake.

"Kubi, sikumaanisha…"

"Ulikuwa umeshafika, shemeji," alisema Kunibert. "Ulikuwa umeshafika mlangoni kabisa."

Akamaliza bia, akaiweka glasi ukingoni mwa dirisha, akaenda kusimama kando ya gari jeusi lenye mistari ya dhahabu, amewapa kisogo wote.

"Nani aliyekunywa bia ya jirani?" aliuliza hakimu.

"Zakayo!"

"Nani aliyemdanganya mke wake?"

"Zakayo!"

"Nani aliyekonyeza taa?"

"Zakayo!" Moto ukatiwa, majani yakashika kwa mlio, suruali kuukuu ikanyanyuka kwa joto. Na hapo hapo, kwenye dirisha la Drickes, taa ikatulia. Haikufifia tena. Watu waliiona, wakapiga kelele za shangwe, wakarushiana kofia, wakasema kumbe ni kweli alikuwa ni yeye.

Gereon alijua ni mkono gani ulikuwa kwenye bomba. Alirudi nyumbani akipita kando ya ukuta.

Billa alikuwa amesimama mlangoni, amepakaa mafuta hadi viwikoni, taa ya mkono imeinuliwa ili aone nani anakuja.

"Nimefunga," alisema. "Nimesikia watu wanaimba, nikajua umekawia. Umemkamata mwizi wako?"

"Si Kubi. Ni taa ya baa, Billa. Ilikuwa taa."

Uso wa Billa ulifunguka wote. Akainua taa juu zaidi, akaangalia nyuma ya mumewe, kwenye giza la ua, akitabasamu, akimtafuta wa pili.

"Basi yuko wapi?"

Gereon alivua kofia. Alijaribu kutafuta namna ya kulisema lile alilouliza kule uwanjani, akakuta halina namna, akalisema lilivyo.

Billa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa taa aishike, akaingia ndani, na Gereon akasikia komeo la chuma likisukumwa mpaka mwisho, lile aliloliweka yeye mwenyewe kwa ajili ya wezi.